Kuhoji na Kutesa: Tafsida ya Dola na Lugha ya Habari Kuhusu Mlima Elgon

1. Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuichukulia tafsida kama tanzu ya adabu. Hatusemi kwamba mzee amekufa, twasema ametutoka. Hatusemi kwamba mtu amekwenda chooni, twasema amekwenda haja. Tafsida ya namna hii humsitiri msikilizaji asione haya wala asiumie, na pande zote mbili hujua barabara kinachosemwa. Iko tafsida ya namna nyingine ambayo haijahakikiwa vya kutosha, nayo ni ile ya dola. Hii humsitiri msemaji. Tena hufaulu pale tu ambapo msikilizaji hajui kilichositiriwa.

Makala hii inakusudia kuichunguza tafsida hiyo ya pili kwa kutumia mfano mmoja, yaani lugha iliyoizunguka Operesheni Okoa Maisha, ambayo jeshi na polisi wa Kenya waliianza Mlima Elgon mnamo Machi 2008. Hoja yetu ni kwamba viongozi hawalazimiki kusema uongo ili vyombo vya habari vipotoke. Inatosha wachague njeo, kauli ya kitenzi na nomino. Mwandishi wa habari akiyanukuu maneno yao neno kwa neno, uaminifu wake wa kunukuu ndio utakaompotosha msomaji. Kwa kuwa habari za tukio hili ziliwafikia wengi wa wakazi wa Bungoma na Kitale kwa Kiswahili, magazetini na redioni, tutajibidiisha kuonyesha ni wapi sarufi ya Kiswahili inairuhusu tafsida hiyo, na ni wapi inaifichua.

2. Usuli wa Tukio

Mgogoro wa Mlima Elgon ulitokana na ardhi. Mradi wa makazi wa Chebyuk, ulioanza katika miaka ya 1970, uligawanywa kwa awamu, na kila awamu iliacha watu walioamini kwamba wamedhulumiwa. Kundi la Sabaot Land Defence Force, maarufu kama SLDF, lilizuka katika mzozo huo. Kwa mujibu wa shirika la Human Rights Watch, kundi hili liliua zaidi ya watu 600. Lilibaka, lilikata watu masikio, lilitoza kodi na kuwafukuza makumi ya maelfu ya wakazi. Jeshi lilipofika Machi 2008, wakazi wengi walilipokea kwa furaha. Jambo hili lazima lisemwe mapema, kwa sababu mhakiki anayelisahau huonekana kana kwamba anawatetea wauaji.

Furaha hiyo haikudumu. Wanaume na vijana walikusanywa kwa maelfu na kupelekwa kwenye kambi za kijeshi, hasa ile ya Kapkota karibu na Cheptais. Huko walipitishwa mbele ya watoa habari waliofichwa, nao walipigwa. Baadhi yao walikabidhiwa polisi, wakafikishwa mbele ya mahakama na kutiwa rumande Bungoma na kwingineko. Wengine hawakuonekana tena. Mnamo Mei 2008 madaktari wa Médecins Sans Frontières na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya waliandika juu ya hali hiyo. Julai 2008 Human Rights Watch lilitoa ripoti ambayo kichwa chake kilisema kwamba wanaume wote wamekwenda. Madaktari wa Independent Medico-Legal Unit, IMLU, waliwapima mahabusu na kuyaeleza majeraha yao. Mnamo Novemba 2008 Kamati ya Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso ililitaja suala hili ilipoihoji Kenya, na mwaka 2009 Philip Alston, mjumbe maalumu wa Umoja huo, alilijumuisha katika ripoti yake.

Serikali na jeshi walikanusha. Kanusho hilo ndilo matini yetu.

3. Jina la Operesheni kama Matini

Tuanze na jina lenyewe. "Okoa Maisha" ni sentensi ya amri katika umoja, isiyo na kiambishi cha mtendwa. Anaamriwa nani, na anayeokolewa ni nani? Jina halijibu. Kwa kukosa nafsi, sentensi hii humwingiza kila mtu katika upande wa anayeokoa. Kila mara gazeti lilipoandika "Operesheni Okoa Maisha", lilikuwa limekwisha kutoa hukumu juu ya nia ya tendo kabla ya kulisimulia tendo lenyewe. Fikiria sentensi ifuatayo, tuliyoibuni kwa ajili ya uchambuzi:

(a) Watu kadhaa walijeruhiwa katika Operesheni Okoa Maisha.

Sentensi hii inajipinga yenyewe, lakini msomaji wa haraka haoni ubishi huo. Jina limekuwa jina tu, na maana yake imeingia kimyakimya. "Operesheni" nalo ni neno la hospitalini. Mgonjwa hupasuliwa ili apone, na maumivu yake ni sehemu ya tiba. Basi mtu aliyelia Kapkota huweza kuonekana kama mgonjwa aliyelia mezani kwa daktari.

4. Kuhoji: Neno Moja, Kazi Mbili

Katika Kiswahili cha habari, mwandishi "humhoji" waziri, na askari "humhoji" mshukiwa. Mazungumzo ya studioni ni "mahojiano", na yale ya ndani ya seli ni "mahojiano" pia. Hapana shaka kwamba neno hili lilitokana na hoja, yaani kuulizana na kujibizana kwa maneno. Linapotumiwa kwa kambi ya Kapkota, hubeba pamoja nalo picha ya watu wawili wanaoketi na kusemezana. Mwandishi wa habari ni mwepesi kunaswa hapa kuliko mtu yeyote, kwa kuwa neno hilo ndilo kazi yake ya kila siku.

Hali kadhalika, magazeti yetu yana msemo wa siku nyingi kwamba mshukiwa "anawasaidia polisi kwa uchunguzi". Kusaidia ni tendo la hiari. Msemo huu umetumiwa kwa watu waliofungwa pingu, hata umepoteza kejeli yake. Pia kuna "kuchuja", tendo la jikoni linalotenga majani na chai. Wakoloni wa miaka ya 1950 walikuwa na neno la maana hiyohiyo katika Kiingereza kwa shughuli ya kuwatenga waliokula kiapo cha Mau Mau na wasiokula, nalo lilirudi Mlima Elgon mwaka 2008. Kichujio hakina uadui na majani ya chai; ndiyo maana neno hili linapendwa.

Kosa kubwa linalotokana na msamiati huu ni kuwafanya watu waamini kwamba kuhoji na kutesa ni masimulizi mawili yanayoshindana: ama mtu alihojiwa, ama aliteswa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1997, hauoni hivyo. Unayaeleza mateso kuwa ni maumivu makali yanayotiwa kwa makusudi na mtumishi wa dola, au kwa idhini yake, kwa madhumuni kama vile kupata habari au ungamo. Madhumuni ya kuhoji yamo ndani ya maana ya kutesa. Kiongozi anayejibu kwamba watu "walihojiwa tu" ameithibitisha nusu ya shtaka, ilhali gazeti huandika kwamba amelikana.

5. Kuteswa na Kuteseka

Kitenzi "tesa" huzaa "teswa" na "teseka". Katika kauli ya kutendwa, mtenda anaweza kuachwa, lakini nafasi yake ipo, na msomaji huwa na haki ya kuuliza: na nani? Katika kauli ya kutendeka nafasi hiyo haipo kabisa. Linganisha:

(b) Wakazi wa Cheptais waliteswa.
(c) Wakazi wa Cheptais waliteseka.

Sentensi (c) yaweza kutamkwa na mwanasiasa yeyote, mbele ya kadamnasi yoyote, tena kwa sauti ya huruma. Watu huteseka kwa njaa, kwa ukame, kwa baridi ya mlimani. Nomino "mateso" imerithi utata huohuo, kwa kuwa hutaja dhiki ya kawaida na ukatili wa seli pia. Kwa hiyo kiongozi akisema kwamba serikali inasikitishwa na mateso ya wananchi wa Mlima Elgon, hajakiri lolote. Gazeti likiandika kwamba serikali imeyakubali mateso, limekosea. Likiandika kwamba serikali imewahurumia walioteswa, limekosea pia. Aliyeshinda ni msemaji.

"Kutoweka" ni kitenzi cha namna hiyo. Ukungu hutoweka, mbuzi hutoweka. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2011 ilihesabu zaidi ya watu 300 waliotoweka mikononi mwa SLDF na vikosi vya dola. Kwa mke wa mtu wa namna hiyo, tofauti kati ya "alitoweka" na "alichukuliwa" ina uzito wa shamba. Sheria ya Ushahidi ya Kenya humdhania mtu amekufa iwapo waliotarajiwa kupata habari zake hawakuzipata kwa miaka 7. Katika muda huo wote mjane hana cheti cha kifo, na bila cheti hicho si rahisi kurithi ardhi. Aliyechukuliwa ana aliyemchukua, na huyo aweza kuulizwa. Aliyetoweka hana wa kuulizwa.

Ni muhimu kutambua kwamba upungufu huu wa mtenda haukuwapo katika habari za SLDF. Huko vitenzi vilikuwa vya kutenda, na vilikuwa wazi: waliua, walibaka, walikata masikio. Ilikuwa haki viwe hivyo. Ila mwili wa binadamu ni uleule. Mtu aliyekatwa sikio na kundi hilo alisimuliwa kwa kitenzi. Yule aliyevunjwa mbavu kambini alisimuliwa kwa nomino, akawa "madai ya ukiukaji wa haki".

6. Sarufi ya Kanusho

Kanusho la dola hujibu aghalabu swali ambalo halikuulizwa. Shtaka huwa mahususi: mtu fulani alipigwa Kapkota siku fulani. Jibu huwa la jumla. Tuchukue sentensi hizi mbili:

(d) Askari wetu hawatesi raia.
(e) Askari wetu hawakuwatesa watu hawa.

Katika Kiswahili, kikanushi cha "wanatesa" na kikanushi cha "hutesa" ni umbo moja, yaani "hawatesi". Kwa hiyo sentensi (d) hukanusha mazoea. Ni tamko kuhusu tabia, mafunzo na kanuni za jeshi, nalo laweza kutamkwa hata na mtu anayejua kwamba tendo lilitendeka. Sentensi (e) peke yake ndiyo inayokanusha tukio. Kisha mhariri hutunga kichwa cha habari:

(f) Jeshi lakana kutesa.

"Kutesa" ni kitenzi-jina. Hakina njeo, hakina mtenda, hakina mtendwa. Kanusho la mazoea limegeuka kanusho la tukio bila mtu yeyote kusema uongo: wala msemaji, wala mwandishi, wala mhariri. Hapa ndipo penye kiini cha jambo letu. Ufupi wa kichwa cha habari, unaosifiwa kuwa ustadi wa taaluma, umemaliza kazi iliyoanzwa na msemaji wa serikali.

Linaongezeka hapo suala la mizani. Kauli ya mwanakijiji huitwa "madai", ya daktari huitwa "madai", na ya tume iliyoundwa kwa sheria huitwa "madai". Kauli ya ofisa huitwa "taarifa" au "ufafanuzi". Majina haya huamua uzito wa ushahidi kabla haujasomwa. Hata mahakama hupotoshwa hivyo. IMLU liliishtaki serikali ya Kenya katika Mahakama ya Afrika Mashariki kwa sababu ya Mlima Elgon. Juni 2011 kitengo cha awali kilikubali kuisikiliza kesi hiyo. Machi 2012 kitengo cha rufaa kiliamua kwamba ilifunguliwa nje ya miezi 2 inayoruhusiwa na mkataba. Uamuzi huo ulihusu kalenda. Lakini neno lililozoeleka katika habari za mahakama ni kwamba kesi "imetupwa", na kinachotupwa ni takataka.

7. Ukoo wa Tafsida Hii

Itakuwa kosa kudhani kwamba lugha hii ilizaliwa 2008. Machi 3, 1959, wafungwa 11 wa Mau Mau waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema kwamba vifo vilitokea baada ya wafungwa kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Hebu tuyatazame maneno "baada ya". Hutaja mfuatano wa wakati, na msomaji huongeza sababu mwenyewe. Miaka miwili kabla ya hapo, mwanasheria mkuu Eric Griffith-Jones alikuwa amekwisha kutofautisha kwa maandishi nguvu ya kulazimisha, iliyoruhusiwa, na nguvu ya kuadhibu, iliyokatazwa. Kiboko hakijui tofauti hiyo.

Katika miaka ya 1980, washukiwa wa Mwakenya walifungiwa vyumba vya chini vya jengo la Nyayo House mjini Nairobi, kisha wakafikishwa mahakamani, mara nyingi jioni na bila wakili. Magazeti yaliandika kwamba washtakiwa walikiri. Ilikuwa kweli, walikiri. Kilichokosekana ni habari ya siku zilizotangulia kukiri huko. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia walalamishi 21 walioteswa humo.

Nchi kubwa nazo hazikunusurika. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2010 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard uliangalia jinsi magazeti ya Marekani yalivyoeleza tendo la kumfunga mtu na kummwagia maji usoni hadi ahisi anazama. Kati ya miaka ya 1930 na 1999, makala 44 kati ya 54 za New York Times zililiita au kulidokeza kuwa ni mateso. Kati ya 2002 na 2008, baada ya serikali yao kulitenda na kulipa jina la mbinu za kuhoji zilizoimarishwa, makala zilizofanya hivyo zilikuwa 2 kati ya 143. Gazeti hilo lilibadili msimamo wake Agosti 2014.

Aidha, Juni 2013 waziri wa Uingereza William Hague alitangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari. Alikubali kwamba mateso yalitendeka, akasema serikali yake inasikitika, na papo hapo akakataa dhima ya kisheria. Mfalme Charles alipozuru Kenya Oktoba 2023 alionyesha masikitiko na majuto, bila kuomba radhi rasmi. Mwandishi anayefasiri kauli hizo kuwa "Uingereza yaomba radhi" anawapa wasemaji sifa ambayo wao wenyewe walijihadhari nayo. Katika utamaduni wetu aliyefiwa husikitika, na aliyekuja matangani husikitika. Anayeomba radhi ni yule aliyekosa.

8. Pingamizi na Jukumu la Fasihi

Yamkini mwandishi wa habari atatujibu kwamba hana mamlaka ya kuhukumu. Mateso ni kosa la jinai, na mpaka mahakama iamue, yeye analazimika kuandika "madai". Pingamizi hili ni la haki, na tena Mlima Elgon wakati wa operesheni haukuwa mahali alipoweza kuingia apendavyo. Hata hivyo, hatumtaki ahukumu. Twamtaka aache nomino na kurejea kwenye kitenzi. Badala ya kuandika "madai ya mateso", aandike kwamba mtu huyu asema askari walimpiga miguuni kwa rungu kambini Kapkota, na kwamba daktari aliyempima aliona majeraha yanayolingana na maelezo hayo. Hakuna hukumu hapo. Kisha amuulize ofisa kuhusu tendo lilelile, kwa njeo ileile, na akijibu kwa "hawatesi", msomaji aambiwe kwamba swali lilihusu "hawakutesa".

Fasihi yetu ina mafunzo katika jambo hili. Abdilatif Abdalla alizitunga tenzi za Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa 1973, akiwa kifungoni kwa sababu ya kijikaratasi kilichouliza Kenya inakwenda wapi. Alamin Mazrui alitiwa kizuizini 1982, na mashairi ya Chembe cha Moyo ya 1988 yana mizizi huko. Wahome Mutahi, mwanahabari aliyefungwa 1986, aliigeukia riwaya ili aseme yale ambayo ukurasa wa habari haukuweza kuyabeba. Thamani ya maandishi ya kifungoni kwa uhakiki wetu haiko katika uchungu wake tu. Iko katika kumrudisha mtenda ndani ya sentensi: kuna mkono, kuna mlango, kuna saa ya usiku, kuna anayeuliza na anayeulizwa.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba tafsida ya dola hukaa katika sarufi kuliko katika msamiati. Jina lisilo na nafsi, kitenzi cha kutendeka, kikanushi cha mazoea, kitenzi-jina cha kichwa cha habari, na kiunganishi kinachotaja wakati huku kikidokeza sababu: hizo ndizo zana zake. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuzifichua hana budi kuwa mwanasarufi kiasi, na idara za Kiswahili zinazowafunza waandishi wa habari zina wajibu ambao hazijautimiza wote.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 25, imeiweka haki ya kutoteswa miongoni mwa zile zisizoweza kuwekewa mipaka, na Sheria ya Kuzuia Mateso ilipitishwa 2017. Sheria imekwisha kulitaja tendo kwa jina lake. Ripoti ya 2011 ilipotolewa, hakuna askari aliyekuwa amehukumiwa kwa yaliyotendeka Kapkota, na familia zilikuwa bado zinauliza walikopelekwa watu wao. Swali lao lina mtenda, mtendwa, mahali na wakati uliopita. Habari yoyote iandikwayo juu yao ipimwe kwa kipimo hicho: je, jibu lililochapishwa lina hivyo vinne?